Kisu cha Mkwe

Meza yangu ya kushonea viatu na meza yake ya kunolea visu zimetenganishwa na nguzo moja ya umeme. Kwa miaka kumi na mmoja nimesikia sauti ya mawe yake kuliko sauti ya mke wangu, na mke wangu si mtu wa kunyamaza. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mpita njia. Mengi niliyaona, na ambayo sikuyaona aliniambia mwenyewe, kidogo kidogo, siku ambazo wateja walikuwa wachache.

Watu wanamwita Bi Kinoo. Mimi wananiita Gundi, maana mikono yangu haijapata kutakata tangu nianze kazi hii. Wakati wa mambo haya Bi Kinoo alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mjane, mfupi, mabega mapana, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti. Kazi ya kunoa aliijua ukubwani. Alikuwa muosha vyombo katika jiko la hoteli, na mpishi mkuu wa pale, mtu wa makelele ambaye hakutaka kisu chake kiguswe hata na mkewe, siku moja alimkuta amekiinua kisu kile anakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Badala ya kumfokea, akamuuliza anaona nini pale kwenye makali.

"Sioni kitu," akajibu.

"Basi una macho. Makali ya kweli hayaonekani. Ukiona uzi mweupe unang'aa pale, ujue kisu kimeshakufa."

Kuanzia siku hiyo akamfundisha, na alipoacha kazi akamwachia mawe yake matatu. La kwanza jeusi, chenga zake nene kama sukari, la kuondolea mapengo. La pili la kahawia. La tatu jeupe, laini kama kipande cha sabuni; ukilipapasa huamini kama lina chenga yoyote. Ubavuni lina namba, elfu nane, na wenye kazi hiyo wanasema namba ikipanda ndivyo chenga zinavyozidi kuwa ndogo. Sisi tuliliita hivyohivyo, Elfu Nane, kama jirani. Alilifunga kwenye taulo bichi na hakutaka liguswe. Mimi nililigusa mara moja na gundi yangu mkononi, tukanuniana siku tatu.

Wauza nyama walimletea visu, wapishi walimletea visu, mafundi cherehani mikasi, kinyozi wa kona ile nyembe zake za kukunja. Alikuwa ananoa taratibu huku akihesabu kimoyomoyo, na kila kisu kilimalizikia kwenye Elfu Nane, mipapaso ishirini upande huu, ishirini upande ule, myepesi kama mtu anayempangusa mtoto uso. Nikimwambia achape kazi, watu wanangoja, ananiambia, "Kaka Gundi, wewe unashona soli inayofumuka wiki ijayo. Niache."

Binti yake aliolewa na fundi wa kupiga rangi magari. Kijana mrefu, msafi ajabu kwa kazi ile, mwenye ulimi wa asali. Mwaka wa kwanza tuliwaonea wivu. Mwaka wa pili binti alikuja pale mezani jicho limevimba, akasema amejigonga kwenye kabati. Hilo kabati lilikuwa na vidole vitano. Mara ya kwanza aliporudi nyumbani kwa mama yake na begi, Bi Kinoo alimsikiliza, akampikia, kisha akamwambia maneno ambayo mama wengi wamewaambia binti zao: ndoa ni kuvumilia, mwanangu. Akamshika mkono, akamrudisha mwenyewe. Mara ya pili walifika mpaka polisi, na afande wa zamu, bila kuinua macho kwenye daftari lake, akasema mambo ya chumbani yakamalizwe chumbani. Wazee wa pande mbili wakakaa. Mume akaomba radhi vizuri sana, kwa machozi, hata tukajikuta tunamhurumia yeye. Baada ya hapo binti hakuonekana tena pale mezani, hata kwa salamu.

Sasa, siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeshika kiatu cha mwalimu mmoja nikaona kivuli kirefu kinapita juu ya misumari yangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." Bi Kinoo alinyanyuka nusu, akakaa. "Mwenzio hajambo?"

"Hajambo kabisa. Amepumzika."

Aliweka kifurushi mezani. Kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa cha kichwani, cha buluu chenye vidoa vyeupe. Nilikijua kitambaa kile. Binti alikuwa hatoki nje bila hicho.

"Naomba uninolee hiki," mkwe akasema. "Nyama ya siku hizi imekuwa ngumu, Mama. Na kisu kikiwa butu unamtesa mnyama bure, si ndiyo?"

"Mnyama gani?"

Akacheka, meno yote nje. "Nasema tu. Kifikishe mpaka lile jiwe jeupe. Nataka kikigusa tu, kimeingia." Akanigeukia. "Gundi, viatu vinaendaje?"

"Vinakwenda na wenye miguu," nikasema, na sijui kwa nini nilijaribu utani saa ile.

"Narudi saa tano," akasema, akaondoka anapiga mluzi.

Bi Kinoo hakukigusa kile kifurushi mpaka mkwe alipopotea kwenye watu. Kisha akakifungua. Kilikuwa kisu kirefu cha bucha, kipya kabisa. Karatasi ya bei bado imebandikwa kwenye ubapa. Hakijawahi kukata hata kitunguu. Na ndani ya kitambaa, zimenaswa kwenye pindo, kulikuwa na nywele zilizosukwa, nyuzi tatu nne, zimeng'oka na mizizi yake.

Bi Kinoo alizichomoa moja moja, akazilaza kiganjani. Alichukua simu, akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akapiga mara ya sita akiwa amesimama, kana kwamba akisimama itasikika mbali zaidi.

"Usikinoe," nikamwambia. "Mkatalie."

"Nikimkatalia atavuka barabara." Alinionyesha kwa kidevu. Upande wa pili kulikuwa na jamaa mwenye gurudumu la mota, kisu kwa dakika mbili, cheche zinaruka, haulizi mtu jambo. "Na kikitoka pale kitakata."

"Basi tukitupe mtaroni."

"Atanunua kingine. Hiki angalau kiko mkononi mwangu." Akanitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyefikwa na maji shingoni. "Kaka, nenda kamwangalie mwanangu. Mimi nikitoka hapa ataona meza tupu, atajua."

Nilikwenda. Si mbali, mwendo wa dakika ishirini, lakini siku ile nilifika nikihema kama nimepanda mlima. Walikuwa wanakaa nyumba ya vyumba viwili mwisho wa uchochoro, nyuma ya ghala la mbao. Mlango una geti la vyuma, na kwenye geti, kwa nje, kulikuwa na kufuli kubwa kama ngumi. Mapazia yameshushwa. Nikagonga chuma kwa pete yangu.

Kisha sauti ndogo, karibu kabisa na mlango, kana kwamba alikuwa amekaa sakafuni ameuegemea.

"Nani?"

"Mimi, Gundi. Mama yako amenituma."

"Nenda, mjomba. Akikukuta hapa ataniua."

"Kakufungia tangu lini?"

"Tangu juzi. Simu kaivunja. Nilimwambia naondoka." Akavuta pumzi. "Mjomba, nenda tu, nakuomba."

Hapa lazima niseme ukweli, maana nimeshazeeka na uongo haunipunguzii kitu. Ningeweza kuita watu. Ningeweza kutafuta chuma, nikavunja lile kufuli. Sikufanya. Nilisikia mluzi mahali fulani nyuma ya ghala, sijui hata kama ulikuwa wake, na miguu yangu ikaamua yenyewe. Nilirudi mbio kwa njia niliyojia, huku nikijiambia kwamba nakimbilia kumpa mama yake habari.

Wakati mimi niko huko, Bi Kinoo alikuwa na kisu. Alikuja kunieleza alichofanya siku ileile, tukingoja hospitali, na alinieleza mara moja tu.

Alianza na jiwe jeusi, na cha kwanza kukiondoa kilikuwa ncha. Kisu cha namna ile ncha yake ni kama sindano. Aliisugua kwenye jiwe mpaka ikawa butu kama ncha ya kijiko, kidogo kidogo, ili umbo lisipotee machoni. Kisha akanoa makali yote kama kawaida, mgongo wa kisu ameuinua kidogo tu juu ya jiwe, la kahawia baada ya jeusi, maana mkono uliozoea haujui kuanzia katikati. Kisu kikawa kikali kweli. Akajaribu kwenye karatasi, kikapita bila sauti.

Ndipo akamwaga maji juu ya Elfu Nane. Badala ya kukilaza kisu kama alivyofundishwa, akakiinua mgongo juu, juu, mpaka kikakaribia kusimama wima juu ya jiwe, akaanza kukivuta. Taratibu. Jiwe lile ni laini kiasi kwamba halikwaruzi; linalamba. Kila mpapaso ulilamba yale makali yakawa mviringo, na mviringo wenyewe ukang'aa kama kioo. Alifanya hivyo mara mia, akageuza, mara mia nyingine. Alikuwa anakiua kisu kwa jiwe la kukihuisha. Lakini alijua mkwe atakijaribu. Kila mtu hukijaribu kisu, na karibu kila mtu hukijaribu mahali palepale, karibu na mpini, ambapo mkono una nguvu. Kwa hiyo pale, upana wa vidole viwili, hakupagusa. Alipaacha pakali kama wembe.

"Nilijiuliza," aliniambia, "hivi vidole viwili ni vya kumdanganya yeye, au ni vya kumuua mwanangu? Sikupata jibu. Muda ulikuwa umekwisha."

Na kweli ulikuwa umekwisha. Nilifika natweta, nikamwinamia: yuko hai, kafungiwa, kufuli kwa nje. Hata sijamaliza, nikaona macho yake yanapita juu ya bega langu. Saa tano kasoro robo. Mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono mfukoni.

"Gundi anahema hivyo amekimbizwa na nani?"

"Pumu," nikasema. Sina pumu.

Akakichukua kisu. Nasema kweli, sijawahi kuona dakika ndefu kama ile. Alikigeuza kwenye jua na mwanga ukaruka usoni mwake, ukapita kwenye meno yake. Kama angekuwa mpishi, kama angekuwa muuza nyama, angeuona ule uzi mweupe unaokimbia kutoka ncha mpaka karibu na mpini na angejua. Lakini huyu alikuwa mtu wa rangi za magari. Maisha yake yote kitu kizuri kilikuwa kitu kinachong'aa.

"Mama," akasema, "hiki umekipiga polishi kuliko gari la harusi."

Akapandisha mkono wa shati, akaweka kisu juu ya kigasha chake, pale karibu na mpini. Vinyweleo vikaanguka kama vumbi. Akatabasamu. Kisha akaweka kidole gumba kwenye katikati ya makali, akaanza kukitembeza.

"Usijaribu kwa kidole," Bi Kinoo akasema. Sauti yake ilikuwa kavu na ya kawaida, sauti ya mfanyakazi. "Hutasikia kikikata, utaona damu tu. Mwaka jana mtu kapoteza kidole hapahapa."

Mkwe akaondoa kidole haraka. Hata yeye aliogopa. Akakifunga kisu kwenye kitambaa kilekile cha buluu, akasema, "Asante, Mama. Nitamfikishia salamu zako," akaondoka.

Nilichukua nyundo yangu, yeye akachukua mikono yake mitupu, tukakata kwa njia ya ndani, ile ya kupita kwenye ghala la mbao. Pale ghalani kulikuwa na wapakiaji wawili wanakula, watu wa vifua, ambao Bi Kinoo alikuwa akiwanolea mapanga. Alisimama mbele yao. Akasema tu, "Mwanangu." Wale watu waliacha chakula. Mpaka leo nikiwaona nawanyanyukia, maana hawakuuliza swali hata moja, na mimi niliuliza maswali mengi sana moyoni siku ile.

Tulipotokea uchochoroni, kufuli lilikuwa limeshafunguliwa, linaning'inia. Geti liko wazi. Ndani tulisikia meza inaburutwa, kisha binti akalia mara moja, sauti fupi, ikakatika. Na kukatika kule ndiko kulikoniogopesha kuliko kilio chenyewe.

Bi Kinoo aliingia wa kwanza. Mimi nilikuwa wa nne; niandikeni hivyo. Mkwe alikuwa amemkaba binti kwa mkono wa kushoto, nywele zake amezizungusha kwenye kiganja, na mkono wa kulia ulikuwa unavuta kisu shingoni. Nilikiona kikipita. Kilipita, kutoka kwenye ncha mpaka katikati ya makali, na mimi nilifumba macho.

Nilipofumbua, shingo ilikuwa nzima. Kulikuwa na mstari mwekundu kama wa ukucha, basi. Mkwe alikuwa anakitazama kisu. Sitaisahau sura ile: alikuwa kama mtu aliyepiga rangi gari lote, akarudi akakuta bati tupu. Akakiinua tena, safari hii kwa nguvu zote. Binti akaweka mkono kujikinga, kisu kikateleza juu ya kigasha chake mpaka kikafika kwenye vile vidole viwili karibu na mpini. Hapo kikakata. Damu ikaruka ukutani. Wapakiaji walikuwa wameshamfikia. Mmoja alimshika kiuno, mwingine mkono, na kisu kikaanguka sakafuni kikilia kama kijiko.

Binti alishonwa nyuzi tisa. Bi Kinoo alikaa naye hospitali, akazitazama zikiingia moja moja. Binti hakulia. Jioni, mama yake alipotaka kumwambia jambo la kisu, akamkatiza.

"Nimeambiwa. Mjomba Gundi kaniambia ulivyokifanya." Alikuwa anatazama dari. "Lakini Mama, ulijua anakipeleka wapi. Na ulimrudishia mkononi."

"Ningefanyaje, mwanangu?"

"Sijui. Sikulaumu leo. Nalaumu siku ile uliyonishika mkono ukanirudisha."

Bi Kinoo akamvutia shuka mpaka begani.

Tulidhani hapo ndipo hofu inaishia, kumbe ilikuwa inabadilisha nguo tu. Kesho yake tuliitwa kituoni. Afande mwingine, kijana, mstaarabu, alikuwa na kisu mezani ndani ya mfuko wa nailoni. Alikivuta juu ya karatasi. Karatasi ikakunjamana. Akavuta tena, ikakunjamana.

"Mama, nataka nikueleze vizuri," akasema. "Mtuhumiwa anasema alikuwa anamtisha tu mkewe. Anasema ndiyo maana alichukua kisu butu. Na kisu kweli butu. Hilo jeraha anasema mkewe alijikata mwenyewe wakinyang'anyana. Kwa hali hii, huenda akatoka kwa dhamana leo jioni."

Nilimwona Bi Kinoo anashika ukingo wa kaunta. Kile alichokifanya kumwokoa mwanawe ndicho kilikuwa kinamfungulia yule mtu mlango. Leo jioni. Na nyumba yake ina mlango wa mbao na komeo moja.

"Nilikiua mimi," akasema.

"Unasemaje, Mama?"

"Alikileta kwangu akasema kikigusa tu kiingie. Nikakiua kwa jiwe. Gundi ni shahidi."

Afande alinitazama, akamtazama. Alikuwa na uso wa mtu asiyetaka kumvunjia heshima mama wa watu. "Mama, kisu hiki kinang'aa kama kioo. Mimi sijawahi kuona kisu kinapigwa hivi na bado kikawa butu. Nani ataamini?"

"Nileteeni kisu chochote," Bi Kinoo akasema. "Na maji. Gundi, nenda kalete mawe."

Nilikimbia tena, wiki ile nilikimbia kuliko ujana wangu wote. Nilirudi na mawe matatu, Elfu Nane nimelipakata kifuani ndani ya taulo lake, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kama nimenawa. Walikuwa wamepata kisu cha jikoni cha mama anayewapikia chai. Bi Kinoo aliyapanga mawe kwenye kaunta, juu ya magazeti. Maaskari wanne watano walisogea. Kwanza alikinoa kile kisu mpaka kikachana karatasi kimyakimya. Akampa afande ajaribu. Kisha mbele ya macho yao akakiinua juu ya lile jiwe jeupe, akakivuta, akakivuta, na kisu kikazidi kung'aa kadiri kilivyokuwa kinakufa. Alipomaliza alimpa tena. Afande alikivuta juu ya karatasi. Ikakunjamana. Akakivuta juu ya kiganja chake mwenyewe, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu.

"Lo," akasema.

"Sasa tazama kile cha kwake, karibu na mpini," Bi Kinoo akasema. "Vidole viwili. Hapo sikupagusa."

Walijaribu. Karatasi ikagawanyika.

Mkwe hakutoka jioni ile, na kesi ikafika mahakamani. Wapakiaji walisema waliyoyaona, mimi nikasema niliyoyasikia mlangoni, pamoja na sehemu ya kukimbia kwangu, ambayo wakili wa mkwe aliipenda sana. Hakimu alimuuliza Bi Kinoo kama anajua kwamba amemdanganya mteja wake. Akasema anajua. Mkwe alifungwa miaka mitatu. Wakati wanamtoa aligeuka, akamtazama Bi Kinoo, hakusema kitu, akapiga mluzi kidogo tu. Bi Kinoo aliusikia mluzi ule, anasema, wiki nzima, hata kwenye birika la maji ya moto.

Habari zikaenea, na si zote zilimfaa. Wauza nyama wawili walihamia kwa mwenye gurudumu la mota. Mmoja alisema wazi kwamba hawezi kumpa kisu mtu anayejua kukiua. Wengine waliongezeka. Kuna wanawake walianza kuja ambao hatukuwajua, wanaleta kisu, wanakaa, hawaulizi kitakwisha lini. Bi Kinoo anawanolea na kuwasikiliza. Sijasikia tena akimwambia mtu avumilie.

Binti alihamia mji mwingine kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, akapata kazi ya kukata vitambaa kwenye karakana ya kushona sare. Mkono ulipona, isipokuwa kidole kimoja hakikunjiki vizuri. Anampigia mama yake simu kila siku akitoka kazini. Ikichelewa robo saa, Bi Kinoo haoni tena kisu alichoshika.

Juzi, mwezi haujaisha, alikuja mwanamke mmoja mzee, mwembamba, amevaa vizuri. Hakuwa na kisu. Alisimama mbele ya meza, akasema, "Hunijui, mimi nakujua. Ndimi niliyemzaa yule."

Bi Kinoo aliacha kunoa. Mimi niliweka kiatu chini, nikatafuta nyundo yangu kwa mguu.

"Sikuja kwa ugomvi," yule mama akasema. "Anatoka wiki mbili zijazo. Amepunguziwa. Nikaona habari hii usiisikie barabarani."

"Atakuja kukaa kwako?"

"Hana pengine." Alikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, akashika mkoba wake kwa mikono miwili. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayetamka neno la lugha ngeni, "Na mimi namwogopa, dada. Tangu akiwa na miaka kumi na sita."

Bi Kinoo alimtazama. Kisha alifuta mikono yake, akamwandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, akamwambia akisikia lolote apige, saa yoyote. Yule mama alikikunja kile kikaratasi akakificha ndani ya soksi, si kwenye mkoba. Alipoondoka, Bi Kinoo alimpigia binti yake. Sikusikia binti alichosema. Nilisikia tu mama anasema, "Najua. Najua, mwanangu. Hapana, hurudi huku. Ukitaka kuniona, nitakuja mimi."

Alikusanya mawe yake mapema siku ile, akaniomba nimsindikize nyumbani. Ilikuwa saa tisa mchana, barabara imejaa watu. Nilimsindikiza.